Kuanzisha klabu ya maigizo kwa watoto wenye maisha magumu

Mwalimu wa shule jirani amekabidhiwa klabu ya sanaa na akanipigia simu kuuliza aanzie wapi. Tuliongea sana, mwishoni akaniomba nimwandikie, nami naona heri wasome na wengine. Ninachoeleza kinafaa darasa la tano hadi la saba katika shule ya serikali isiyo na ukumbi wala bajeti. Sizungumzii kikundi cha kumwimbia mgeni rasmi au cha kupeleka UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, kwani huko huchaguliwa wenye vipaji. Hapa tunamtafuta mtoto anayekaa nyuma, asiye na daftari, ambaye muhula unaisha hujamsikia sauti.

Njia yenyewe chimbuko lake ni Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba. Wasichana wa sekondari walitaja wenyewe yanayowakwamisha, wakayachambua, wakayaigiza mbele ya wanaohusika, kisha wakajadiliana nao la kufanya. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika walio katika elimu, iliipeleka katika nchi nyingine za Afrika. Mimi nimeirahisisha kwa watoto wadogo.

Hatua ya 1: Ruhusa na muda

Mwalimu mkuu na kamati ya shule wajue. Ila usikubali kupewa muda wa baada ya masomo. Mtoto anayewahi kuteka maji au kuuza karanga jioni hatabaki, na ndiye unayemtaka. Omba kipindi kimoja ndani ya ratiba. Kama shule inapika uji, kiwe baada ya uji.

Hatua ya 2: Wanachama

Usifanye usaili. Wala usitangaze mstarini kwamba ni klabu ya wanaoishi katika mazingira magumu, maana hakuna atakayejitokeza, na atakayejitokeza atachekwa. Changanya watoto wa kila hali. Pasiwe na mchango wala fulana ya klabu. Kanga mbili za kuvaa wanaoigiza na ndoo ya plastiki ya kupigia ngoma zinatosha. Spika na muziki wa kwenye simu sishauri kabisa: mtoto akishacheza kwa kufuatisha wimbo uliorekodiwa, hatungi tena chake.

Hatua ya 3: Kuzoeana

Anza na nyama nyama, halafu mchezo wa kioo, mmoja anafanya na mwenzake anafuatisha. Asiyetaka kusema apewe ngoma, asilazimishwe.

Hatua ya 4: Kupata kisa

Hapa nenda polepole. Usimwambie mtoto hata siku moja, "Tueleze yanayokupata nyumbani." Atakueleza mbele ya wenzake, na kesho mtaa mzima utajua. Badala yake buni mtoto. Mpe jina ambalo hakuna mwanafunzi wa shule hiyo analo, mpe kijiji kisichokuwepo, kisha uliza: "Leo hakuja shule. Kwa nini?" Majibu yatamiminika: mama anaumwa, analea mdogo wake, alichelewa jana akachapwa, sare imelowa na hana nyingine. Watasema ya kwao bila yeyote kujitaja.

Hayo bado hayatoshi. Ukishapata kisa, kibadilishe: msichana awe mvulana, shangazi awe babu, muuza maandazi awe muuza mkaa. Halafu jiulize kama jirani akikiona atasema, "Huyu ni wa fulani." Ikiwa jambo moja tu linamtambulisha, litoe, hata kama ndilo linalochekesha au kuliza watu.

Katika kugawa nafasi, mtoto aliyeeleza jambo kwa undani mno asilicheze yeye. Na nafasi ya baba mlevi isikae kwa mtoto mmoja, kwa sababu itamgeukia jina la utani, wabadilishane. Kipigo kisiigizwe kwa kupigana. Waambie wagande kama sanamu, fimbo ikiwa juu, basi. Zoezi likiisha kila mmoja aweke kanga chini, ataje jina lake halisi, wacheze kidogo ndipo waondoke.

Iko siku mtoto atakufuata pembeni akueleze ukatili anaofanyiwa. Msikilize. Usimhoji kama polisi na usimwahidi kuwa itabaki siri. Andika maneno yake jinsi alivyoyasema, kisha mshirikishe mwalimu wa malezi na afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Njia hizi zijue kabla klabu haijaanza. Na kisa cha namna hiyo hakiingii kwenye igizo, hata ukibadilishe vipi.

Hatua ya 5: Kutunga

Wasiandike maneno ya kukariri. Asiyesoma vizuri ataaibika tena, kama anavyoaibika darasani. Watunge papo kwa papo, sehemu tatu fupi, na igizo likomee pale mtoto anapobanwa, kabla suluhisho halijapatikana. Mtindo wa kukatisha igizo ili watazamaji waingie ni wa Augusto Boal wa Brazil, na kwa mkutano wa wazazi sijaona unaoushinda.

Hatua ya 6: Kuonyesha

Waone walimu kwanza, wazazi baadaye, chini ya mti. Igizo likikatika, uliza nani angeweza kufanya nini. Mzazi akianza kuhutubia, mwombe kwa heshima: "Mzee wangu, karibu uingie utuonyeshe." Mzee aliyekuwa anasema watoto ni wavivu, akishavaa kanga na kubeba ndoo ya yule mtoto, huongea mengine.

Kabla watu hawajatawanyika, andika yaliyokubaliwa pamoja na jina la mhusika: nani anafuatilia daftari, nani anazungumza na walimu ili wanaochelewa kwa sababu ya maji wasichapwe, nani anapeleka hoja ya uji kwenye kamati. Karatasi itunzwe na watoto, na kikao kijacho cha wazazi waisome wao wenyewe, mstari kwa mstari, kabla ya ajenda nyingine.