Kuasili mtoto: wazazi waliomzaa wawe karibu au mbali? Mwongozo kwa familia za Mtwara na Lindi

Familia inayojiandaa kuasili mtoto hutumia muda mwingi kwenye mambo yanayoonekana, yaani barua ya mtendaji, ukaguzi wa nyumba, na safari za kwenda kwa afisa ustawi wa jamii, na mara nyingi hufika mahakamani bila kukaa chini kuamua jambo litakalomgusa mtoto maisha yake yote: kama atakuwa na mawasiliano na waliomzaa, ya namna gani, na kupitia nani. Katika kuasili kwa uwazi, familia mbili zinafahamiana, zinapeana habari, na pengine zinatembeleana. Katika kuasili kwa kufunga, hazijuani, na kumbukumbu zinabaki kwenye majalada. Kati ya hizo mbili ipo njia ya tatu, ambayo mimi naona inazifaa familia nyingi za huku kwetu: habari zinapita, lakini zinapitia mikononi mwa afisa ustawi au mzee anayeaminiwa na pande zote.

Kwanza, ondoeni hofu moja. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, na inapotolewa, haki na wajibu wa wazazi waliomzaa mtoto hukoma na kuhamia kwa wazazi walioasili. Uwazi haumpi mtu mwingine sauti juu ya shule ya mtoto, matibabu yake, au mahali atakapoishi. Mama aliyemzaa akija kumwona mtoto kwa makubaliano, anakuja kama mgeni anayeheshimiwa, si kama mzazi mwenza. Familia nyingi hukimbilia kufunga kila kitu kwa sababu hazijaelezwa jambo hili.

Pili, tenganisheni maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Swali la kwanza ni la mawasiliano: nani aonane na nani, na mara ngapi. Swali la pili ni la ukweli: kama mtoto atajua kwamba aliasiliwa na kwamba anatoka kwa watu fulani. La kwanza mna uhuru mpana wa kuliamua. La pili hamna uhuru huo, na msijipe. Sheria hiyo hiyo inamtaka mzazi aliyeasili amweleze mtoto kwamba ameasiliwa na ni nani waliomzaa, pale mtoto anapokuwa ametimiza angalau miaka 14 na kumweleza kukiwa kwa maslahi yake, na inakataza mtu mwingine yeyote kumwambia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao unatambua haki ya mtoto kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Nchini Uingereza, ambako kwa miongo mingi kuasili kulifanywa kwa usiri mzito, sheria ya mwaka 1975 iliwafungulia watu walioasiliwa katika England na Wales njia ya kupata kumbukumbu za kuzaliwa kwao wakifikisha miaka 18. Kwa hiyo mnaweza kufunga mlango wa kutembeleana na bado mkaihifadhi asili ya mtoto mpaka siku ya kumweleza.

Huenda mtu akauliza: ikiwa umri uliowekwa ni miaka 14, uwazi utaanzaje mtoto akiwa mchanga? Unaanza kwa watu wazima. Picha, salamu na habari za afya zinapita baina ya wazazi, bila kumtwika mtoto jambo asiloliweza, na njia inabaki hai mpaka atakapoihitaji. Mtoto aliyeasiliwa akiwa na miaka sita au saba ni suala jingine, kwa kuwa anamkumbuka mama yake na anamtaja kwa jina. Huyo hana siri ya kufunuliwa, na kumzuia asimtaje ni kumwonea. Katika miaka hiyo ya kati, kanuni ninayoishikilia ni kutomtungia mtoto hadithi. Msimwambie alizaliwa hospitali ya Ligula siku ya mvua kubwa ikiwa hakuzaliwa huko. Akiuliza kabla ya wakati, ongeeni na afisa ustawi kuhusu namna ya kumjibu kwa umri wake.

Kwetu kusini kuna sababu nyingine ya kutotegemea siri. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, kwa asili ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana nafasi yake katika mambo makubwa ya mtoto. Msimu wa jando na unyago unapofika, wazee wa Newala au Nachingwea hawataacha kuuliza mtoto huyu ni wa ukoo gani na mjomba wake ni nani. Familia isiyo na jibu itajikuta inalitafuta hadharani, mbele ya mtoto mwenyewe, na kijiji kizima kikiwa kimeshalijua siku nyingi. Vivyo hivyo katika ndoa: vijana wawili wa Mikindani wanaweza kupendana bila kujua kwamba wamezaliwa na mama mmoja. Kwa hiyo, hata mkiamua kufunga mawasiliano, hakikisheni mmepata jina la ukoo, kijiji cha asili na idadi ya ndugu wanaojulikana.

Familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi katika pwani yetu, zina jambo jingine la kulipima. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaelekeza watoto waitwe kwa baba zao waliowazaa, na ndiyo maana masheikh husisitiza kulea bila kubadili nasaba. Uwazi wa asili, basi, si jambo geni katika dini. Kaeni na sheikh wenu mapema, kabla ya kuwasilisha maombi, mzungumzie jina, umahramu, yaani udugu unaozuia kuoana, mtoto atakapobaleghe (kumnyonyesha mtoto akiwa chini ya miaka miwili, kwa masharti yake, ni njia inayojulikana), na mali, ambayo inaweza kupangwa kwa hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, au kwa wasia usiozidi theluthi. Kisha mwelezeni wakili mlichoamua.

Afya nayo ina uzito wake. Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na mzazi anaweza kubeba vinasaba vyake akiwa mzima kabisa. Ikiwa mawasiliano yatafungwa, ombeni kabla ya kufungwa historia ya afya ya familia zote mbili za uzazi, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na mumpime mtoto. Daktari atakapouliza miaka kumi baadaye kama kuna mtu wa ukoo mwenye kisukari, muwe na la kusema.

Yapo mazingira ambayo kufunga ndiko sahihi, na nisingependa mtu aone haya kuchagua hivyo. Mtoto aliyeokotwa hana upande wa pili wa kuwasiliana nao. Mtoto aliyetendewa ukatili na jamaa zake anahitaji umbali, na usalama wake utangulie mila na huruma. Pia yupo binti aliyezaa katika mazingira ya maumivu, akarudi shuleni au akaolewa, na hataki historia hiyo imfuate. Ombi lake liheshimiwe, ila aulizwe kwa upole, kupitia afisa, kama yuko tayari kuacha barua itakayofunguliwa mtoto akiwa mtu mzima. Kwa upande mwingine, mkiwa mnaasili mtoto wa dada au wa binamu, habari ya kufunga haipo kabisa. Kinachohitajika ni kukubaliana nani ataitwa mama na nani mama mdogo.

Mkichagua uwazi, andikeni makubaliano. Msiyategemee kama amri ya mahakama, kwa maana uhai wake uko kwenye uaminifu wenu, lakini maandishi hupunguza ugomvi. Yawe mafupi na ya wazi, kwa mfano: “Mama mzazi atapokea picha mbili za mtoto kila mwaka, mwezi wa Januari, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Hatapiga simu moja kwa moja wala kufika nyumbani bila kuafikiana. Mtoto akishaelezwa asili yake, matakwa yake yatasikilizwa kwanza. Hakuna upande utakaodai wala kutoa fedha.” Sentensi hiyo ya mwisho isikosekane. Sheria inakataza malipo kwa ajili ya kuasili, na zaidi ya hapo, msaada mdogo unaotolewa kwa moyo mwema msimu wa korosho ukiwa mzuri hugeuka deni msimu bei ikianguka. Hapo mtoto anakuwa bidhaa baina ya familia mbili, jambo ambalo halivumiliki.

Watakaoketi kuzungumza wachaguliwe kwa makini. Upande wa mama mzazi, mara nyingi bibi au mjomba atasema zaidi kuliko mwenyewe. Afisa ustawi amsikilize binti peke yake, bila wazee kuwapo, kabla ya kuandika chochote. Upande wenu, mume na mke wawe na kauli moja kabla ya kufika hapo.

Mwisho ni kumbukumbu. Wekeni bahasha ngumu yenye nakala ya amri ya mahakama, kadi ya kliniki, picha ya mama kama ipo, majina ya ukoo na barua iliyoachwa, na muiweke mbali na unyevu na mchwa. Nakala ya makubaliano ibaki kwa afisa ustawi na nyingine kwa ndugu mmoja mnayemwamini, kwa kuwa wazazi nao hufariki. Yapitieni upya mtoto anapoanza shule, anapoelezwa asili yake, na wakati wowote upande mmoja unapohama.