Karatasi ya mahudhurio haipimi ushiriki

Wahadhiri wenzangu, karatasi ya mahudhurio inakuonyesha nani kasainiwa, basi. Darasa la watu 300, mmoja anawasainia wanne, tena kwa peni ileile. Ukitaka kujua kama wanafunzi wanashiriki kweli, waulize wanafanya nini. Utafiti wa NSSE, yaani utafiti wa kitaifa wa ushiriki wa wanafunzi wa vyuo, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, tangu 2000, huwauliza wa mwaka wa kwanza na wa mwisho mambo ya namna hiyo: umeuliza swali darasani mara ngapi, umezungumza na mhadhiri nje ya kipindi mara ngapi, unajisomea saa ngapi kwa wiki. Chagua maswali matatu tu, uyagawe wiki ya nne au ya tano, bila majina, wakati bado una nafasi ya kubadilisha ufundishaji. Tathmini ya mwisho wa muhula inawafaa watakaokuja, si hawa ulio nao. Na takwimu za Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni, zisome kwa tahadhari: mmoja anapakua noti, zinazunguka WhatsApp kundi zima. Kwenye mfumo, waliobaki wataonekana hawajafungua kitu.