Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumvika Mtoto Mdogo Vazi la Mhusika Siku ya Kwenda Bustani ya Burudani

Mtoto wa miaka minne au mitano anayepelekwa Walt Disney World, huko Florida nchini Marekani, mara nyingi huwa ameshaamua atakachovaa kabla wazazi hawajakata tiketi: gauni la binti mfalme lenye neti inayometameta, au vazi la shujaa lenye misuli ya sponji kifuani. Ombi hilo ni la haki kabisa, na mzazi anayelikataa papo hapo anamnyima mtoto sehemu kubwa ya furaha ya safari, kwa kuwa mtoto wa umri huo hutamani kukutana na mhusika wake akiwa amefanana naye. Linalohitaji kufikiriwa mapema ni kwamba mengi ya mavazi haya yanafaa kwa sherehe ya saa chache sebuleni, ilhali siku ya bustani huanza asubuhi na kumalizika usiku, katikati ya jua, foleni, maji na mashine zinazotembea. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya msimamo huu: vazi la mhusika lihesabiwe kuwa nguo ya juu inayoweza kuvuliwa wakati wowote, na chini yake mtoto awe amevaa nguo kamili anazoweza kushindia siku nzima.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kanuni za bustani yenyewe, kwa sababu katika bustani za Disney za Marekani mtu mwenye miaka 14 au zaidi haruhusiwi kuingia akiwa amevaa vazi la mhusika siku za kawaida. Ndugu wawili wanaotaka kuvaa sare wanaweza kujikuta mmoja amepita langoni na mwingine ameambiwa akabadilishe nguo, na aibu hiyo humwangukia kijana aliye katika umri wa kuona haya kuliko wote. Ni vyema kaka au dada huyo aambiwe nyumbani, kisha atafutiwe nguo za kawaida zenye rangi za mhusika anayempenda, jambo ambalo halina pingamizi. Kwa watoto wadogo vazi linaruhusiwa, ila barakoa isifunike uso wote na macho yaonekane. Bunduki za kuchezea zimepigwa marufuku katika bustani hizo tangu Desemba 2015, na nguo zinazoburuta chini nazo hazikubaliki. Upanga wa plastiki au fimbo ya kichawi afadhali ibaki hotelini, hata pale ambapo hakuna anayeikataza, kwa kuwa baada ya nusu saa itakuwa mikononi mwa mzazi, na ndani ya foleni iliyosongamana ncha yake iko sawasawa na macho ya watoto wengine.

Baada ya kanuni linakuja joto, na hapa ndipo wazazi wengi hukadiria vibaya. Kuanzia Juni hadi Septemba, eneo la Orlando hufikia nyuzijoto 32 au 33 karibu kila siku, kukiwa na unyevu mwingi hewani na mvua ya radi ya ghafla alasiri. Joto la namna hiyo halitofautiani sana na la Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Machi. Familia iliyotoka pwani italitambua mara moja, lakini mtoto aliyezoea hali ya hewa ya Nairobi, Arusha au Minneapolis ataelemewa upesi. Mavazi mengi ya dukani ni ya poliesta au nailoni, vitambaa visivyofyonza jasho wala kupitisha hewa vizuri, na vazi la mnyama lenye manyoya, au la shujaa lililojazwa sponji, humhifadhia mtoto joto mwilini kama blanketi. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, tena mtoto aliyezama katika mchezo hasemi kwamba amechoka wala kwamba ana kiu. Mzazi ndiye anayepaswa kutazama dalili: uso kuiva, kulialia bila sababu, kusinzia saa isiyo ya usingizi, kulalamikia kichwa au tumbo, na kukaa muda mrefu bila kwenda haja ndogo. Ikionekana mojawapo ya hizo, vazi livuliwe papo hapo, hata kama picha haijapigwa, mtoto apelekwe kivulini au ndani ya jengo lenye kiyoyozi na anyweshwe maji kidogo kidogo. Sehemu za chakula cha haraka ndani ya bustani hizo hutoa maji ya barafu bure kwa anayeomba, na kila moja ya bustani nne za Walt Disney World ina kituo cha huduma ya kwanza na kituo cha kuhudumia watoto wachanga. Mahali vilipo vituo hivyo patazamwe kwenye ramani kabla ya kuhitajika.

Msimu wa baridi una kasoro yake. Asubuhi za Januari huko Florida zinaweza kushuka chini ya nyuzijoto 10, na gauni lisilo na mikono halitoshi, hivyo fulana ya mikono mirefu na taiti zivaliwe ndani badala ya kulifunika gauni kwa koti ambalo mtoto atakataa kulivaa.

Kitambaa chenyewe kichunguzwe kwa mkono. Geuza vazi nje ndani, kisha pitisha upande wa nyuma wa kiganja chako, ambako ngozi ni laini, kwenye mshono wa kiunoni pale neti inapokutana na kiwiliwili cha gauni, halafu kwapani, halafu shingoni kwenye lebo. Ukihisi mkwaruzo, ujue kwamba ngozi ya mtoto iliyolowa jasho itapata michubuko au harara kabla ya saa sita mchana. Lebo ikatwe, na mshono unaokwaruza ufunikwe kwa utepe wa pamba. Vazi lifuliwe mara moja kabla ya safari ili vimetameta vilivyolegea vitoke, na mtoto mwenye ukurutu livaliwe naye nyumbani kwa saa moja au mbili ili ngozi ionyeshe kama inalipokea. Binafsi naamini kwamba familia yenye fundi wa nguo wa kuaminika imeshinda nusu ya kazi hii: fundi hahitaji zaidi ya picha ya mhusika, mita chache za pamba nyepesi yenye rangi inayofaa, bitana laini kiunoni, lesi kidogo mikononi, na upindo unaoishia katikati ya shavu la mguu badala ya kifundo cha mguu. Gauni hilo litapitisha hewa, litafulika kwenye beseni la hotelini, na mtoto atajiona yuleyule binti mfalme, kwa sababu mara nyingi anachotafuta ni rangi na mzunguko wa rinda anapojizungusha.

Familia zinazomvika binti yao nguo za stara zizingatie kwamba suruali ya ndani na blauzi ya mikono mirefu chini ya gauni la poliesta ni tabaka mbili za joto. Suluhisho si kupunguza stara. Ni kuchagua pamba nyembamba kwa nguo ya ndani na gauni jepesi lisilo na bitana nzito, au kumshonesha fundi gauni lenye mikono mirefu tangu mwanzo. Kuhusu nywele, wigi nyingi za wahusika zimekatwa kwa nywele laini zilizolala, na juu ya kichwa kilichosukwa huteleza, huwasha na kuongeza joto. Mtoto aliyesukwa twende kilioni vizuri, akafungwa utepe wa rangi ya vazi lake, ana raha zaidi. Taji lenye vichana vya plastiki halishiki kwenye nywele fupi, kwa hiyo lishonwe kwenye mkanda laini wa lastiki, na hilo likaguliwe lisiache alama kwenye paji la uso.

Michezo ya kupanda inahitaji uangalifu wa pekee. Katika baadhi yake, abiria hupanda na kushuka huku chombo na njia ya kukanyaga vikiendelea kutembea, na gauni refu linaweza kukanyagwa na mwenye nalo au na anayemfuata; hali ni hiyohiyo kwenye ngazi za umeme za uwanja wa ndege. Upindo uwe juu ya kifundo, na ikiwa gauni ni refu na hakuna muda wa kulikata, likunjwe kwa ndani na kushonwa kwa mkono, kwani pini hufunguka. Mabawa ya kipepeo na mkia vivuliwe kabla ya kuketi, na rinda lililofura likandamizwe ili nondo ya usalama ilale juu ya mapaja ya mtoto badala ya kulala juu ya kitambaa. Urefu hupimwa pia: Space Mountain, kwa mfano, hudai sentimita 112, na taji au nywele zilizopandishwa hazihesabiwi, hivyo ni vyema mtoto apimwe nyumbani bila viatu ili asije kurudishwa baada ya kusimama foleni kwa saa nzima.

Joho la shujaa linanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo mwaka 1996 dhidi ya kamba za shingoni na za kofia kwenye nguo za juu za watoto, kwa sababu kulikuwa na watoto waliokufa kamba hizo ziliponasa kwenye vifaa kama vitelezeo vya viwanja vya michezo. Joho linalofungwa kwa kamba shingoni lina hatari ileile. Kamba itolewe, na badala yake joho libandikwe mabegani kwa velkro inayoachia likivutwa. Jaribu mwenyewe kulivuta kwa kidole kimoja, na lisipoachia, lisiende safari.

Kuhusu viatu sitasema mengi: vile vya plastiki vyenye kisigino vinavyouzwa pamoja na gauni vibaki kwenye boksi lake, mtoto avae raba alizokwisha kuzizoea pamoja na soksi, na soksi nyingine kavu ziwekwe mkobani.

Wiki moja kabla ya safari, mtoto avae vazi lote nyumbani na afanye kila atakachofanya huko: achuchumae, apande ngazi, ainue mikono juu, aketi mezani ale, na aende chooni. Jaribio la choo ndilo linalofichua mengi. Vazi la kipande kimoja lenye zipu mgongoni humlazimu mtoto avuliwe lote ndani ya choo chembamba chenye sakafu iliyolowa, na mtoto aliyetoka kuacha nepi karibuni hatasubiri. Vazi la vipande viwili lenye lastiki kiunoni ni bora zaidi, na kama moyo wa mtoto umeshikilia lile la kipande kimoja, fundi anaweza kutia zipu mbele. Siku ya safari, vazi lililojazwa sponji lisivaliwe ndani ya gari chini ya mikanda ya kiti cha mtoto, kwa sababu sponji hubonyea na mikanda hubaki imelegea wakati wa ajali. Mtoto avishwe baada ya kufika.

Ratiba nayo ipangwe kwa kufuata vazi. Saa za asubuhi, kukiwa bado na ubaridi na nguo zikiwa safi, zitengwe kwa kukutana na wahusika na kupiga picha. Familia inayokwenda saluni ya watoto iitwayo Bibbidi Bobbidi Boutique, inayohudumia watoto wa miaka 3 hadi 12, iweke nafasi mapema, na isipange mchezo wa maji baada ya hapo. Michezo kama Kali River Rapids hulowesha abiria chapachapa, na mtoto mwenye gauni lililolowa akiingia kwenye jengo lenye kiyoyozi kikali atatetemeka. Anayekusudia kurudi kwenye gari kubadilisha nguo akumbuke kwamba maegesho makuu ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo nne, yako mbali na lango, na kutoka hapo abiria huvushwa kwa treni ya reli moja au kivuko, hivyo safari ya kwenda na kurudi inaweza kula saa nzima. Nguo za akiba zibebwe mkobani: fulana, kaptula, chupi, soksi, mfuko wa plastiki wa kutia vazi lililolowa, na krimu ya kukinga jua ambayo hupakwa kabla ya vazi kuvaliwa na kurudiwa mabegani na shingoni kila baada ya saa mbili.

Rangi za usoni zijaribiwe nyuma ya mkono siku moja kabla, na zisipakwe karibu na macho ya mtoto atakayetokwa na jasho.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, mtoto aelezwe makubaliano kwa maneno machache: vazi litavaliwa mpaka picha zipigwe, litavuliwa mama au baba akisema joto limezidi, na litavaliwa tena jioni akitaka. Mtoto aliyeambiwa mapema hulia kidogo kuliko aliyevuliwa kwa ghafla mbele ya watu. Makubaliano hayo yahusu pia kupoteana, kwa sababu siku hiyo hiyo kutakuwa na mabinti wengi waliovaa gauni la buluu linalofanana na lake, na mzazi anayemwambia mhudumu kwamba mwanawe amevaa gauni la buluu hatakuwa amesema lolote la kusaidia. Asubuhi, kabla ya kupita langoni, apigwe picha ya mwili mzima kwa simu, akiwa na viatu vinavyoonekana. Namba ya simu inayopatikana nchini humo iandikwe kwenye bangili ya karatasi mkononi mwake, na ya pili iandikwe kwenye fulana ya ndani, kwa kuwa vazi linaweza kuwa limeshavuliwa. Afundishwe kusimama palepale alipo mpaka amwone karibu naye mtu mwenye beji ya jina kifuani, kama wanavyovaa wafanyakazi wa bustani hizo, na kumtajia jina la mzazi wake kwa ukamilifu. "Mama" na "baba" pekee hayatamsaidia mhudumu kumtafuta.