Banda moja wasichana wanane: mmalize wiki ya kambi bila kununiana

Ukiandikiwa kambi ya likizo ya Agosti huku Malindi jua kabisa kuogelea sio shida wala kutembezwa magofu ya Gede na jua sio shida, shida iko bandani. Vitanda vinne vya dabodeka, bafu moja, wasichana wanane na makuti yanapiga kelele usiku kucha. Nimelala humo nikiwa mtoto halafu nikarudi mara tatu kama dada wa banda, kwa hivyo nisikizeni.

Kwanza mkifika msikimbilie kitanda cha dirishani. Agosti ni kusi, ule upepo wa kutoka kusini, dirisha la upande wa bahari linaingiza upepo na rasharasha za mvua, saa tisa usiku mtu anaamka anatafuta leso ya pili. Disemba ndio hicho kitanda cha kupigania. Kitanda cha juu apewe yule haamki usiku kwenda chooni, ulizaneni mapema, sio aibu.

Neti ishusheni kabla ya magharibi, sio mkishasikia mbu sikioni ndio mwaanza kupapasa gizani. Mmoja aingie ndani na tochi, mwingine azunguke nje, mwanga ukitokea wazi mahali basi hapo pametoboka, pakusanyeni na vidole mpafunge uzi kama mdomo wa kifuko. Halafu chomekeni pande zote chini ya godoro, hata ule wa ukutani ambao kila mtu anauvivia.

Maji sasa. Ya kisima mara nyingi yana chumvi, sabuni haitoi povu hata usugue vipi, basi mtu anaongeza sabuni anaongeza maji mpaka wa nane anakuta kata iko ndani ya pipa tupu. Ndoo moja kila mtu, wanne jioni wanne asubuhi, na wanaoswali alfajiri wawe wa asubuhi maana washaamka tayari (simu iwe mtetemo, chini ya mto, tafadhali). Nywele zako kwenye tundu la maji zitoe mwenyewe.

Siku za mwezi: tundikeni kimkoba nyuma ya mlango, kila mmoja atie pedi mbili siku ya kwanza, anayehitaji anachukua bila kuomba wala kueleza. Zilizotumika zifunge na gazeti uweke kwenye pipa lenye kifuniko, chooni usitupe kamwe.

Chakula kitandani hapana. Mimi nilificha mabuyu chini ya godoro, asubuhi sisimizi wamepanga foleni mpaka kwenye kitana cha mwenzangu.

Hili la picha nalikazania. Mule ndani watu wako bila buibui, bila mtandio, wengine na dera la kulalia limepasuka. Kuna msichana alijipiga selfi akaweka stetasi, kumbe nyuma yake mwenzake anasukwa kichwa wazi, kakake yule akaiona kabla hata ya chai. Yule binti alilia siku mbili na hakuongea na mtu. Kwa hivyo kamera ni nje, bandani hakuna picha hata za utani, na hili lisemwe usiku wa kwanza kabla mtu hajakosea.

Mkikosana semezaneni siku hiyo hiyo, wawili tu, tokeni mkakae barazani. Msipigane vijembe mbele ya kina sita wasiojua kisa, na zaidi ya yote usimvalie mwenzako leso ya mafumbo! Mwaka mmoja ugomvi ulianza na kipande cha sabuni, mmoja akajitanda leso yenye jina (yale maneno yaliyoandikwa) la kumchoma mwenzake akapita nayo mbele ya kitanda mara tatu, yule naye akaenda kuazima ya kumjibu banda la pili, ikafika Alhamisi tuna mabanda mawili hayasalimiani na ile sabuni haijulikani iliko.

Siku ya kufungasha leso zote zitandazwe chini moja moja, maana zinafanana, mwenye yake aichukue mbele ya wote. Mkimaliza angalieni kamba za neti huko juu. Kila mwaka sidiria moja inabaki inaning'inia na hakuna anayekubali ni yake.