Namna ya Kuchagua Mkanda wa Kamera Usiochosha Mwili Wala Kuangusha Chombo

Mkanda unaokuja ndani ya boksi la kamera umetengenezwa ili uitoshe kila kamera ya kampuni hiyo na kila shingo duniani, na kwa sababu hiyo haumtoshi vizuri mtu yeyote. Aghalabu ni mwembamba, upande wake wa chini una mpira unaong'ang'ania shati na kuvuta kola, na juu yake limeandikwa kwa herufi kubwa jina la kampuni, pengine pamoja na aina ya kamera yenyewe, jambo linalomtangazia kila apitaye soko la Mwanga hapa Kigoma kwamba umebeba kitu cha bei kubwa. Kwa mwanafunzi wa wiki za mwanzo unafaa. Lakini mpigapicha wa Kigoma anayefanya kazi kuanzia asubuhi hadi usiku, iwe ni harusi ya Ujiji, mnada wa dagaa Katonga au safari ya kuwatazama sokwe wa Gombe, hana budi kujichagulia mkanda wake. Uchaguzi huo una maswali mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa: uzito wa kamera utakaa sehemu gani ya mwili, na mkanda umeshikana na kamera kwa njia gani. Swali la kwanza linahusu uchovu, la pili linahusu usalama. Wanunuzi wengi hulipia la kwanza na kulisahau la pili.

Uzito na mahali pake

Kabla ya kutazama mkanda wowote, pima kamera yako ikiwa na betri, kadi na lenzi unayoitumia zaidi. Mizani ya duka la jirani inayopimia sukari inatosha. Watu hukisia uzito huu vibaya kwa sababu hukumbuka uzito wa kamera tupu: Canon EOS 5D Mark IV ina gramu 890 ikiwa na betri na kadi, lakini ukiifunga lenzi ya EF 24-70mm f/2.8L II yenye gramu 805, tayari unakaribia kilo 1.7, na bado hujapachika flashi juu yake. Kamera ndogo yenye lenzi fupi isiyofika nusu kilo inaweza kubebwa kwa utepe wowote laini, au hata kwa kitanzi cha kifundo cha mkono. Ikikaribia kilo moja, tafuta mkanda wenye upana wa sentimita 3 hivi. Ikizidi hapo, nisingekubali sehemu inayogusa bega iwe chini ya sentimita 4, kwa kuwa uzito uleule ukiwekwa juu ya eneo dogo huuma mwili haraka zaidi.

Mkanda wa shingoni ndio uliozoeleka, nao una faida moja kubwa: kamera iko kifuani, unaiona, na mkono unaifikia mara moja. Kasoro yake ni kwamba mzigo unaoning'inia mbele huvuta kichwa, na misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukishikilia muda wote, hata unapokuwa umesimama tu ukisubiri maharusi watoke. Kwa kamera nyepesi na kazi ya saa moja au mbili, hilo halina neno. Kwa kamera nzito na sherehe isiyojulikana itakwisha saa ngapi, hamisha uzito uende begani.

Mkanda unaopita begani na kukata kifua hadi nyonga ya upande wa pili ndio ninaoupendekeza kwa wapigapicha wengi wa hapa. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mkanda hukaa bega la kushoto na kamera hulala nyonga ya kulia, lenzi ikitazama chini. Urefu wake upimwe mwilini, tena ukiwa umevaa nguo za kazi: simama wima, uachie mkono, kisha uone kama vidole vyako vinagusa kitufe cha kupigia picha bila kuinama wala kukunja kiwiko. Ukiwa mrefu kupita hapo, kamera itapiga paja kwa kila hatua na itagonga ubao wa mtumbwi kila unapoketi. Ukiwa mfupi mno, itabana mbavu na kuuzuia mkono. Jambo la pili la kuangalia ni kama mkanda wote huteleza begani unapoinua kamera, au kamera ndiyo inayoteleza juu ya mkanda huku pedi ikibaki mahali pake. Mtindo huu wa pili, uliopata umaarufu kupitia mikanda ya BlackRapid, hupunguza uchovu wa bega kwa sababu pedi haihamihami, ingawa unaongeza kiungo kimoja cha chuma cha kukichunga.

Kwa mwanamke anayevaa mtandio au ushungi, mkanda wa shingoni ni usumbufu mtupu, kwa kuwa kila kamera inapoinuliwa kitambaa nacho huvutwa. Mkanda wa begani humfaa zaidi, mradi pedi iwe ya kitambaa laini badala ya ile yenye vinundu vya mpira vinavyonasa nyuzi, na umbo lake liwe na mkunjo kidogo ili usikate kifua vibaya.

Usidanganywe sana na mikanda ya mpira wa neoprini inayonyumbuka. Ukiijaribu dukani ukiwa umesimama, kamera huonekana imepungua uzito, kwani mpira hufyonza mshtuko. Ukianza kupanda njia za Gombe, ambako vilima huinuka ghafla kutoka ufukweni na kuna mahali unahitaji mikono yote miwili kushika mizizi, mnyumbuko huohuo huifanya kamera irukeruke na kugonga mawe. Kwa safari ya namna hiyo, chagua mkanda usionyumbuka, wenye kamba ndogo ya pili inayopita chini ya kwapa ili pedi isizunguke, na uufupishe kwa muda hadi kamera ikae juu ya mbavu. Ncha za mkanda zinazoning'inia zikunjwe au zikatwe, maana vichaka hushika kila kinachobembea.

Mikanda miwili ya mabegani iliyoungana mgongoni ni kwa anayebeba kamera mbili, na kitanzi cha kiganja ni kwa anayeishika kamera mkononi muda wote. Kama wewe si mmoja wa hao, usiwapatie wauzaji fedha zako.

Viungo

Utepe wenyewe ni nadra kukatika katikati. Kamera huanguka kwa sababu ya mshono ulioachia, pete iliyofunguka, skrubu iliyolegea au kishikizo kilichopitishwa vibaya. Kwa hiyo ukishika mkanda dukani, usianze na pedi. Anza na ncha.

Mikanda ya kawaida hupita kwenye vijicho viwili vilivyo pembeni mwa kamera, kisha hurudi katika kishikizo cha plastiki chenye tundu. Wengi hupitisha ncha na kuiacha ikining'inia nje, nayo huteleza kidogo kidogo hadi siku itakapotoka. Njia salama ni kuurudisha utepe ili ncha yake ipite ndani ya kishikizo na kubaki imebanwa kati ya kishikizo na utepe mkuu, ikiachiwa angalau sentimita 4 za akiba. Ukishamaliza, shika kamera juu ya godoro na uvute kwa nguvu. Kama kijicho kinatumia pete ya pembetatu ya chuma, hakikisha mdomo wa pete umefunga kabisa na kile kikinga cha ngozi au plastiki kipo, kwa kuwa bila hicho pete husugua mwili wa kamera.

Mikanda mingi ya kukata kifua hufungwa kwa skrubu kwenye tundu la chini, lile la stendi ya miguu mitatu. Tundu hilo kwa kawaida ni la inchi 1/4 lenye nyuzi 20 kwa inchi, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 1222 kinavyoelekeza, na ndiyo maana mkanda wa kampuni moja huingia kwenye kamera ya kampuni nyingine. Udhaifu wake unatokana na mwendo: kamera ikigeukageuka nyongani siku nzima, kila mgeuko unaweza kuwa unaifungua skrubu kidogo bila wewe kuhisi. Kati ya skrubu na kamera lazima pawe na kipande cha mpira kinachoshika, skrubu ikazwe kwa sarafu au kwa chombo chake badala ya vidole pekee, nawe uiguse kila unapobadilisha betri hadi iwe desturi ya mkono. Pamoja na hayo, ongeza uzi mfupi wa usalama unaotoka kwenye kijicho cha pembeni hadi kwenye mkanda, ili skrubu ikiachia kamera ining'inie badala ya kuanguka. Sioni sababu ya kuununua mkanda wa skrubu usiokuwa na uzi huo.

Lenzi ndefu yenye pete yake ya stendi ina kanuni tofauti. Funga mkanda kwenye pete ya lenzi, kwa sababu uzito mwingi uko huko, na ukiufunga kwenye kamera utauachia mdomo wa lenzi, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, kazi ya kubeba mzigo wote. Kisha kaza kile kitasa cha pete.

Vipo pia vifungo vya kubofya na kuachia, vinavyokuwezesha kutoa mkanda wote mara moja. Kampuni ya Peak Design inaeleza kwamba vifundo vyake vidogo vya duara vinahimili zaidi ya kilo 90. Ahadi hiyo inahusu vifundo halisi, wakati nakala zake ni nyingi na haziwezi kubeba dhamana ya mtu mwingine. Vyovyote iwavyo, kamba nyembamba ya vifundo vya aina hii hulika inaposuguana na kijicho, hivyo ibadilishwe mara tu nyuzi za ndani zinapoanza kuonekana.

Wezi, maji na jasho

Kuna mikanda yenye waya wa chuma ndani, iliyokusudiwa kumzuia mwizi mwenye kisu au wembe. Mimi siipendi. Mwizi wa hapa anaweza kuja juu ya pikipiki, na mkanda usiokatika uliokata kifua chako unamaanisha kwamba utaburutwa pamoja na kamera. Ni heri kutembea kamera ikiwa upande usio wa barabara, mkono juu yake, na mkanda usio na jina la kampuni. Jina likiwepo, geuza mkanda au ulifunike kwa kipande cha kitenge.

Kwa wanaopanda boti za Kibirizi kuelekea Gombe, kumbuka kwamba Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na hakuna mpigambizi atakayekurudishia kitu huko. Unapopanda na kushuka, kamera iwe ndani ya begi lililofungwa. Ukiwa safarini, vaa jaketi la kuokolea maisha kwanza na mkanda wa kamera juu yake, usiuvae chini, ili ukiangukia majini uweze kuuvua bila kuhangaika. Mikanda ya sponji inayoelea imekusudiwa kamera ndogo zisizopitisha maji. Soma uzito ulioandikwa juu yake, kwani kamera nzito itazama nayo.

Kuhusu malighafi, ngozi nzuri hulainika na kupendeza, lakini jasho na mvua huikausha na kuipasua ikianikwa juani, kwa hiyo ikauke kivulini na ipakwe mafuta ya ngozi. Usiipake mawese, hata kama yamejaa nyumbani, vinginevyo kanzu ya bwana harusi itabeba ushahidi. Nailoni ni imara na nafuu, ingawa hunyonya maji na jua kali la miaka huidhoofisha. Poliesta hainyonyi maji mengi kama nailoni, wala hairefuki kama hiyo inapolowa.

Ukiamua kushonesha

Fundi mabegi mzuri anaweza kukutengenezea mkanda usiopungukiwa kitu, mradi umwelekeze. Mpelekee utepe wa nailoni au poliesta wa upana wa sentimita 4. Mkanda wa usalama wa kiti cha gari lililokongoroka unafaa pia, kama haujachanika wala kupauka, na unateleza vizuri juu ya shati. Tatizo ni kwamba vijicho vya kamera hupitisha utepe mwembamba tu, wa kama sentimita moja, hivyo fundi atalazimika kuunganisha utepe mwembamba na ule mpana, na mshono huo ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Tepe hizo zipandane angalau sentimita 5, mshono uwe wa mraba wenye msalaba ndani, na uzi uwe wa nailoni au poliesta, si wa pamba, ambao huoza kwa jasho. Ncha zote zichomwe kwa moto wa kiberiti zisifumuke.

Kabla ya kuufunga kwenye kamera, tundika kwa mkanda huo ndoo yenye lita 10 za maji, ambazo ni kilo 10, na uiache usiku kucha. Asubuhi iinue na kuiachia ghafla mara kadhaa, kwa kuwa kamera inayoanguka na kudakwa na mkanda huuvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake. Uzi mmoja ukionekana umekatika, mrudishie fundi.

Baada ya hapo, ukaguzi uwe wa kawaida: pitisha vidole kwenye mishono, tazama vishikizo kama vina ufa, na uoshe mkanda kwa maji na sabuni ya kipande ili chumvi ya jasho na mchanga wa ufukweni visikae ndani ya nyuzi. Mkanda uliochakaa ukatwe vipande kabla ya kutupwa, ili asije mtu akauokota na kuutundikia kamera yake.