Kabla ya kuja Lamu, uliza maji

Wageni wanaotaka kuja Lamu huanza kwa kuniuliza bei ya vyumba. Mimi huwauliza: siku utakayofika itakuwa mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama? Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya bahari huwa ya bamvua: yakijaa yanajaa sana, yakipwa yanapwa mno. Tena kila siku hujaa kwa kuchelewa karibu dakika 50, kwa hiyo saa iliyomfaa rafiki yako wiki iliyopita haitakufaa wewe.

Ukibaki mjini, jambo hili halikusumbui. Lakini wengi hutaka kufika Takwa, kisiwani Manda, mji uliohamwa karne ya 17 ukaacha msikiti wa Ijumaa na kaburi lenye nguzo. Njia yake ni mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na chombo hakipiti mpaka maji yajae. Binamu zangu wa Malindi walimshikilia nahodha watoke saa waliyoitaka wao. Wakakwama matopeni, juani, na mtoto mdogo na chupa moja ya maji ya kunywa, wakingoja bahari irudi. Nahodha akisema mtoke alfajiri, tokeni alfajiri. Bebeni maji ya kutosha, kofia, na muulizie majaketi ya kuokolea kabla ya kupanda.

Hata ngome ya mjini Lamu ina habari yake ya maji. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wapate, watu wa kisiwa cha Pate, pamoja na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliwavamia Waamu, yaani watu wa Lamu, pale kijijini Shela. Wazee husimulia kwamba wavamizi waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, walikuta maji yamepwa, vyombo vimekaa mchangani. Waamu, wakihofia kisasi, walimwendea Seyyid Said wa Oman awalinde, na ngome ikamalizika 1821. Baadaye ilikuwa jela hadi 1984. Kwa hiyo nakushauri uanzie Shela asubuhi, jua halijapanda, usimame kwenye ule mchanga, ndipo urudi mjini uingie ngomeni. Ni kama kilomita 3 kwa miguu kando ya bahari. Bamvua ikijaa utalowa, kwa hiyo vaa ndara.

Kwa barabara, kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya mzigo, maana vizuizi vya polisi ni vingi kutoka Garsen. Barabara inaishia Mokowe, unavuka kwa boti. Njoo na begi la mgongoni. Sanduku la magurudumu litakutesa gatini na kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani, ambako ukisikia punda nyuma yako unajibana ukutani umpishe.

Mavazi yafunike mabega na magoti. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Usimpige picha mtu, hasa mwanamke, bila idhini yake. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa, na Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Aprili na Mei ni masika na kusi imeanza kuvuma, bahari si ya mgeni.

Jioni kaa Mkunguni, mbele ya ngome. Wazee wa pale wanayajua maji ya kesho bila kutazama simu. Waamkie kwanza, masalkheri, ukae kidogo, kisha uulize.