Somo: kutembea asubuhi na mimba changa, tumbo likiwa halitaki kitu

Mimba yangu ya pili ilijitangaza kwa omena, wale dagaa wa ziwani. Jirani alikuwa anakaanga, nikatapika mlangoni kabla sijafika chooni. Kwa wengi kichefuchefu huanza wiki ya 6, hukaza karibu wiki ya 9, kisha hupungua kati ya wiki ya 12 na 16. Mazoezi hayaondoi kichefuchefu, ila yalinipa usingizi na choo laini.

Hatua ya 1: Weka biskuti kavu kando ya kitanda. Tafuna kabla hujainuka, tulia robo saa. Mimba ya kwanza nilipuuza hili, nikaishia kuketi kando ya barabara ya Dunga, mama wa samaki akinipepea na leso.

Hatua ya 2: Toka saa kumi na mbili na nusu; jua la Kisumu likishapanda, rudi ndani. Anza na dakika 10. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, lakini siku ya kutapika haina deni. Uweze kuongea, ila kuimba kukushinde. Maji kunywa kwa vijifunda. Chupa ukiimaliza kwa mkupuo itarudi yote.

Hatua ya 3: Nyumbani, kaza misuli ya kuzuia mkojo, hesabu hadi 5, legeza. Mara 10.

Ukiona damu au maji ukeni, kizunguzungu, kifua kikibana au kigimbi kikivimba na kuuma, acha, nenda hospitali.

MASWALI

*Mume wangu anasema kutembea kutaangusha mimba.*
Hapana, dada. Nyingi zinazotoka mapema, kijusi hakikuumbika sawa tangu mwanzo. Ila kama daktari amekukataza, mtii. Na mzee aje kliniki akasikie mwenyewe.

*Tembe za kuongeza damu zinanichafua roho. Niache?*
Usiache. Meza usiku baada ya kula. Zikikataa bado, mwambie nesi.

*Na odowa, ule udongo mgumu wa kutafuna?*
Hata mimi nimeitafuna, siwezi kujifanya mtakatifu. Lakini huzuia mwili kupata madini ya chuma, tena yaweza kuwa na madini ya risasi (lead). Chai ya tangawizi ilinisaidia kuiacha, polepole.

*Tangu jana hata maji hayakai.*
Mama, leo hakuna kutembea. Mkojo ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, maji yamekuishia. Ita boda sasa hivi, beba kitabu cha kliniki, mwambie aendeshe taratibu.